Kuuza picha za stoki ukiwa Tanga: mwongozo kamili, kuanzia kamera mpaka hela kuingia

Wadau, picha yangu ya kwanza kununuliwa ilikuwa ya singa za mkonge zimeanikwa kwenye waya, njia ya Muheza, nilipiga tatu tu nikiwa nasubiri bodaboda na wala sikuitegemea. Zile za machweo pale Raskazone, nilizohangaika nazo mwezi mzima na tripodi la kuazima, ziko sitini na kitu na mpaka leo hakuna aliyenunua hata moja. Dunia nzima jua linazama, kila mtu anayo hiyo picha. Singa za mkonge kwenye waya hawana.

Sasa naulizwa sana inbox mambo haya, kamera gani, unajiungaje, wanalipa kweli au ni wale wale, kwa hiyo naandika mara moja yote. Ni refu, chukua chai.

KWANZA UJUE BIASHARA YENYEWE

Stoki ni ile ile stoki ya dukani, mzigo unakaa rafuni unasubiri mteja. Unapiga picha, unaaplodi kwa wakala kama Shutterstock, Adobe Stock au Alamy, wanaikagua, ikipita inakaa pale. Mtu wa matangazo au wa vitabu vya shule huko aliko akiitafuta analipia leseni ya kuitumia, na wewe unapata asilimia yako. Picha inabaki yako, inaweza kuuzwa mara 1 au mara 200, na hiyo hiyo unaweza kuiweka kwa mawakala wote watatu ili mradi hujasaini mkataba wa kuuzia kwa mmoja peke yake. Usisaini huo mwanzoni.

Hela sasa, tuongee ukweli. Shutterstock wanakupa kati ya asilimia 15 na 40 kutegemea umeuza ngapi mwaka huo, ukiuza chini ya 100 uko kwenye 15, na kila tarehe 1 Januari wanakurudisha chini unaanza upya, hata kama Desemba ulikuwa juu huko. Mauzo mengine yanaingia senti 10 ya dola. Ndiyo, senti kumi. Adobe Stock wanatoa asilimia 33 kwa picha na 35 kwa video, mauzo ya wateja wa vifurushi yanakuja senti thelathini na kitu. Alamy wanauza kwa nadra ila wakiuza unaweza kuona dola kadhaa kwa mpigo.

Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa na picha 340 nikapata dola 71, mwaka mzima. Nilitaka kuacha. Mwaka wa pili nilivuka picha 1,100 ndo nikaanza kuona dola 30 mpaka 50 kwa mwezi, na mwezi mwingine inashuka bila sababu. Sio mchongo wa kukutoa wiki ijayo, anayekwambia hivyo anakuuzia kozi.

KAMERA

Hapa ndo watu wanapotelea. Wengi wanadhani bila kamera ya milioni 4 hawawezi kuanza, wakati Shutterstock na Adobe wanataka picha isiyopungua megapikseli 4 tu, Alamy wao ni kama 6. Simu yako ina 12 au zaidi. Kwa hiyo ukubwa sio tatizo, tatizo la simu ni kwamba inakoleza picha yenyewe, inapaka ngozi kama plastiki na kivulini inaleta chenga, yaani vipunje punje, ukikuza mpaka asilimia 100 unaona majani yamekuwa uji. Mchana kweupe, simu nzuri, kitu kisichokimbia, inapita. Mimi nimepitisha za simu kama 90.

Ukitaka kununua kamera nunua ya mtumba, yaani iliyotumika, na usiangalie jina la kutambia wenzako. Kitu chochote cha megapikseli 16 mpaka 24 chenye sensa (kile kibao cha ndani kinachonasa mwanga) ya saizi ya APS-C kinatosha kabisa kwa kazi hii. Nikon D5300 ya 2013 ina 24, Nikon D3500 ina 24, Canon 2000D ina 24, Canon 700D ina 18 na bado inafanya kazi, Sony a6000 ya 2014 ina 24 na ni ndogo haitishi watu ukiingia nayo sokoni, ila betri yake inaisha haraka, nunua mbili. Fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa zaidi, achana nayo kwanza mpaka hela ya picha yenyewe ije ikununulie.

Mimi nilichukua D5300 na lenzi ya 18-55 kwa laki 6 na nusu. Vitu vya kukagua kabla hujatoa hela:

Shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga. Kamera za daraja hili shata yake inahesabiwa kuishi kama mapigo laki 1, inaweza kuzidi inaweza kufa kabla. Nikon inaandika idadi ndani ya faili, piga picha moja ya JPEG hapo hapo, iingize kwenye programu ya bure ya ExifTool utaona. Canon hizi ndogo nyingi haziandiki, kwa hiyo maneno ya "imetumika kidogo tu braza" yabaki kuwa maneno.

Mota. Nikon za ukoo wa D3000 na D5000 zote, hizo D3500 na D5300 zimo, hazina mota ya fokasi ndani ya mwili, kwa hiyo lenzi za zamani za AF-D zinaingia ila utafokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Kuna jamaa yangu alinunua AF-D kwa bei ya kutupwa akadhani lenzi ni mbovu, akairudisha, wakagombana, kumbe lenzi nzima.

Uchafu wa sensa. Weka f22, yaani tundu la lenzi liwe dogo, elekeza angani, piga, angalia kama kuna madoa meusi. Madoa hayo hayo yatakurudishia picha kila siku.

Na fangasi. Hili nalisema kwa uchungu. Lenzi yangu ya pili nilinunua dukani Dar, usiku, taa za dukani zinang'aa, jamaa ananiharakisha anafunga, nikafika nayo Tanga asubuhi nikaimulika tochi ya simu kutokea nyuma nikaona utando kama wa buibui ndani kabisa ya kioo. Kurudisha wakagoma. Laki 2 na 40 ikaenda. Lenzi yoyote imulike tochi kutokea nyuma, uitazame kwa mbele, tundu lake likiwa wazi kabisa, kabla mkono haujaingia mfukoni.

Hata ukiinunua safi, sisi watu wa pwani fangasi tunaishi nayo. Hewa ina unyevu na chumvi. Mimi naweka kamera kwenye ndoo ya plastiki ya mfuniko wa kubana, ndani nimeweka silika geli ile ya kubadilika rangi, ikibadilika naikausha kwenye oveni naitumia tena. Vile vipakti vya kwenye viatu vipya vimeshashiba maji kitambo, havina kazi. Ukitoka baharini futa kamera na kitambaa chenye maji baridi kidogo kilichokamuliwa, chumvi ikikaa usiku mmoja tu vitufe vinaanza kukwama. Na ukiwa umelala kwenye AC usitoe kamera nje ghafla saa mbili asubuhi, lenzi inatoa jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kwanza ipate joto taratibu.

Lenzi ya pili ya kununua: kama una Nikon, 35mm f1.8 ya AF-S DX, kama Canon, 24mm f2.8 ile nyembamba kama chapati. Watu wanakimbilia 50mm kwa sababu ni rahisi, ila kwenye sensa ndogo inakuwa kama 75 au 80, ndani ya chumba cha uswahilini unagonga ukuta na bado mtu hajaenea.

UPIGE NINI

Kaa ufikirie nani ananunua. Benki inatafuta mkulima ameshika simu. Shirika la afya linatafuta mama na mtoto kliniki. Mchapishaji wa Ujerumani anatafuta mkonge kwa kitabu cha jiografia, na sio bahati mbaya, mkonge uliletwa hapa 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Wote hao wanataka nafasi tupu pembeni ya picha waweke maandishi yao. Kwa hiyo kila kitu piga mara tatu: cha karibu, cha mbali kidogo, na kimoja umemweka mtu upande wa kushoto au kulia na ukuta au anga iko wazi.

Tanga tuna vitu vya kazi mpaka vinamwagika. Baiskeli zetu, mji mzima unajua. Machungwa ya Muheza yakiwa yamerundikwa. Samaki pale Deep Sea asubuhi, ngalawa zinaingia. Wanaolima mwani huko Mkinga. Kwenye mwani uhesabu mwezi: bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndo maji yanatoka sana na kina mama wanaingia shambani, maji mafu usijisumbue utakuta bahari tu. Tatizo la bamvua ni kwamba maji yanakupwa saa nne saa tano hivi, jua limeshakomaa, vivuli vyeusi usoni. Hapo mpigie mtu jua likiwa nyuma yake halafu ongeza mwanga kidogo kwenye kamera, au piga mikono na mwani tu. Mikono inauza kuliko unavyodhani, na mtu hatambuliki.

Kwa vitu vingine mwanga mzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu asubuhi, halafu saa kumi jioni kuendelea. Katikati hapo ingia ndani, piga chakula karibu na dirisha. Bada na samaki wa kupaka, kalimati, visheti, tambi za futari. Chakula hakihitaji saini ya mtu, hakina nembo, hakilalamiki. Picha za futari ziaplodi miezi miwili au mitatu kabla ya Ramadhani, wanaonunua wanapanga mapema, ukiweka mfungo umeshaanza umechelewa.

Mkonge nao ujue unachokipiga. Ukienda shambani omba ruhusa kwa meneja, ni mali ya mtu. Halafu fuata kazi yenyewe: kukata, kufunga mzigo, majani kuingia korona (mashine ya kuyakamua zibaki singa), singa mbichi zinatoka zikiwa na maji ya kijani zinanuka, kuanika, kupiga brashi, marobota. Jani lote hilo zito, singa ni asilimia 4 hivi ya uzito wake, zingine zote ni takataka. Ukiijua habari hiyo unapiga lile lundo la takataka pia, na hiyo mimi imeuzwa mara 6, kuna mtu huko anaandika mambo ya gesi ya samadi na mabaki ya mimea.

Kimahesabu: watu weka shata 1/250 ya sekunde, baiskeli inayopita 1/500, tundu f5.6 mpaka f8, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, usivuke 800 kama kamera ni ya zamani. Piga RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalikoroga.

Bandari, kambi, polisi, usipige. Kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 na maeneo yaliyolindwa, utaeleza mpaka magharibi. Droni nayo kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza.

FOMU YA RIDHAA, USIRUKE HAPA

Picha ya mtu anayetambulika haiwezi kuuzwa kwa tangazo bila fomu ya ridhaa iliyosainiwa, na nyumba au duka la mtu vile vile. Mtoto anasainiwa na mzazi. Fomu unaipakua kwa wakala mwenyewe, iko kwa Kiingereza, iprinti kumi ziwe kwenye begi, na unamsomea mtu kwa Kiswahili kila mstari, sio unamwambia "saini hapa tu".

Nilikwenda Mwambani kwa bibi mmoja anasuka ukili. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikakaa, nikamueleza. Akaniuliza, "Sasa mie nikishapigwa nakwenda wapi?" Nikamwambia popote bibi, anaweza akakununua mtu wa Ulaya akakuweka kwenye tangazo la benki. Akacheka, "Benki! Mie hata akaunti sina." Halafu akajitazama akasema, "Basi ngoja nikabadilishe kanga, hii ina maneno ya ugomvi, nilimvalia jirani." Akaingia ndani akatoka na leso nyingine. Nayo ina maneno, kanga gani haina, ikabidi tuikunje jina lifichike, maana maandishi yoyote yanayosomeka wakala anaweza kukurudishia. Nikampa elfu 15 yake, mjukuu wake mkubwa akawa shahidi. Zile picha zimenirudishia elfu 15 hiyo mara nyingi, na kila nikipita nampelekea sukari.

Kama huna saini, bado kuna upande wa habari, ukiwa unaaplodi Shutterstock unachagua Editorial. Hapo sokoni, mitaani, nembo zote ruksa, ila huruhusiwi kufuta kitu wala kuongeza, na maelezo lazima yaanze na mji, nchi, tarehe, mfano "Tanga, Tanzania - August 14 2023:" ndo unaeleza. Ukikosea mpangilio inarudi. Inauza kidogo kuliko ya matangazo.

Kundi langu la kwanza niliaplodi picha 10, wakakataa 8. Nne nembo: fulana ya timu, chupa ya soda nyuma kabisa ukubwa wa punje ya mchele, jina la bajaji, na stika ya mtandao wa simu kwenye kibanda. Tatu fokasi. Moja chenga. Nilikasirika nikasema wananionea, nikazikuza asilimia 100, walikuwa sahihi zote.

KUEDITI NA MANENO

Kompyuta yoyote, programu za bure darktable au RawTherapee, kwenye simu Snapseed. Nyoosha upeo wa bahari, toa madoa, punguza chenga, usikoleze rangi mpaka bahari iwe bluu ya sabuni. Toa JPEG ubora wa juu kabisa, rangi sRGB, usikuze picha ndogo kuwa kubwa.

Sasa maneno ya kutafutia. Hapa ndo picha inauzwa au inazikwa. Shutterstock wanakubali mpaka maneno 50, Adobe 49 na yale 10 ya mwanzo ndo yenye uzito, kwa hiyo yapange. Andika kwa Kiingereza maana wanunuzi wengi wanatafuta hivyo, ila usiitegemee mashine ya kutafsiri. Mimi niliiandikia "baiskeli za Tanga" ikanipa "sail bicycles", tanga la jahazi! Picha ikakaa miezi minne inatafutwa na mabaharia. Mkonge andika sisal, agave, fiber, drying, plantation. Mama ntilie andika street food vendor. Bajaji andika tuk tuk na auto rickshaw zote mbili. Jaza kinachoonekana, kisha kazi inayofanyika, kisha wazo kama biashara ndogo au kilimo, kisha mahali: Tanga, Tanzania, East Africa. Usijaze uongo, ukiandika beach kwenye picha ya soko unajishusha.

Maneno hayo yaandike ndani ya faili kabla ya kuaplodi, digiKam ni ya bure inafanya hivyo, ukipeleka kwa mawakala watatu yanajitokeza yenyewe hurudii kuchapa mara tatu. Picha ya megapikseli 24 ni kama MB 10, mia moja ni GB 1, kwa hiyo aplodi na bando la usiku, kwa FTP (njia ya kutuma mafaili mengi kwa mpigo) kama wakala anayo, mtandao ukikata inaendelea ilipoishia.

Na hizi za AI? Shutterstock hawapokei za AI kutoka kwetu, Adobe wanapokea ukiziwekea alama. Mimi sijishughulishi. Nimeiomba mashine inichoree mtu anakata mkonge, ikanipa mananasi.

KUJIUNGA NA KULIPWA

Jina kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti, jina kwenye akaunti ya wakala, jina la Payoneer na jina la benki, yote yawe yale yale herufi kwa herufi. Kama NIDA ni Mwanahamisi na benki ni Mwanaamisi, karekebishe kwanza. Mimi natumia Payoneer, inaingia dola, naivuta benki ya hapa kwa shilingi, soma makato yao kabla hujavuta vidogo vidogo. Adobe wanaruhusu kutoa ukifika dola 25, na mara ya kwanza mpaka siku 45 zipite tangu mauzo ya kwanza. Alamy dola 50.

Kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, wote wa Marekani watakuomba. Utajaza jina, anwani, na TIN yako ya TRA, ambayo kuipata ni bure. Sisi na Marekani hatuna mkataba wa kodi, kwa hiyo ile sehemu ya pili ya mkataba iache wazi, usidanganye, na mauzo yatakayofanyika kwa wateja wa Marekani yatakatwa asilimia 30. Ya wateja wa kwingine hayaguswi. Usipoijaza kabisa unaweza kukatwa kote. Inaisha muda mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini, mimi ya kwanza niliisahau mpaka nikashangaa mbona hela imepungua, wekea alamu kwenye simu.

Ukiwa umejipanga kuanza, anza na Adobe na picha 20 ulizozikagua asilimia 100, nembo hamna, fomu zipo. Wiki hiyo hiyo zipeleke na Shutterstock. Alamy baadaye ukishakuwa na mia. Halafu kila wiki ongeza picha 10, hata mvua ya masika ikiwa imekufungia ndani kuna ndizi mezani na dirisha.